Maafisa, mfumo wa simu ama watu wa mtaa: pesa ya kusimamia misaada kwa wadi tuombe iende wapi?

Kila mwaka bajeti ya kaunti ya Nairobi ikikaribia, vikundi vya mtaa vinaanza kusumbuana kwa WhatsApp, nani ataandika memoranda, yaani ombi la maandishi kwa kaunti, tuombe nini, na jibu la kwanza huwa ni lile lile: tuombe basari iongezwe. Sikatai, karo ni karo. Lakini kaa na wazazi wa Mathare ama Kayole uwaulize basari iliwapita aje, wengi hawatakuambia pesa ilikuwa kidogo, watakuambia fomu ziliisha kabla hawajasikia zimetoka, ama jina lilikuwa kwa orodha likatoka bila maelezo, ama pesa ilitumwa shule yenye mtoto alishahama, na walipoenda kuuliza kila ofisi ikawaelekeza kwa ingine. Hapo hata ukiongeza hela mara mbili, ni watu wale wale watakosa.

Kwa hivyo hii naandikia wale ambao washakubaliana kwa kikundi kwamba mwaka huu wataomba pesa ya kusimamia misaada vizuri, halafu wakakwama kwa swali linalofuata. Tuombe waajiri watu? Tuombe mfumo wa kompyuta na simu? Ama tuombe walipe wanamtaa wenyewe wafanye hii kazi?

Kwanza jueni mnagonga mlango gani

Hii watu huchanganya sana. Inua Jamii, ile 2,000 kwa mwezi ya wazee wa miaka 70 kwenda juu, mayatima na walio na ulemavu mkali, ni ya serikali kuu, inapitia wizarani na kwa chifu, kaunti haina mkono hapo. NG-CDF, ule mfuko wa maendeleo wa maeneo bunge, iko upande wa mbunge, na hiyo nayo Mahakama Kuu ilisema Septemba 2024 kwamba sheria yake inaenda kinyume na katiba na mfuko ufungwe kufikia Juni 30, 2026. Ukiandikia City Hall, makao makuu ya kaunti, kuhusu hizo mbili watakushukuru kwa maoni yako na yaishie hapo.

Za kaunti ni basari za wadi, chekechea, chakula cha shule cha Dishi na County, na wale CHP, wahudumu wa afya ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba. Hata basari haijatulia, mapema 2025 Msimamizi wa Bajeti alitoa waraka kaunti ziache kutoa basari za sekondari na vyuo mpaka ziwe na makubaliano na serikali kuu kwa sababu kikatiba hiyo si kazi yao, magavana wakakimbia kortini na waraka ukasimamishwa. Ushauri wangu ni msifunge ombi lenu kwa basari peke yake. Ombeni kitu kitakachohudumia misaada yote ya kaunti kwa wadi, ndio siku basari ikihamishwa msibaki na ofisi haina kazi.

Vipimo

Nimepima zote tatu kwa maswali yale yale: inakula pesa gani na kutoka fungu lipi la bajeti, nani anaachwa nje, upendeleo na wizi unaingilia wapi, kosa likitokea linarekebishwa na nani, na mtaanza kuona tofauti lini. Kwangu swali la nne ndilo lenye uzito. Misaada yote inakosea majina, hata ile inayosimamiwa vizuri, na aliyekosewa kama hana pa kwenda basi kwake huo msaada haupo.

1. Kuajiri afisa wa misaada kila wadi

Pesa. Nairobi ina wadi 85. Tuseme afisa mmoja kwa kila wadi, mshahara 50,000 (ni makadirio yangu tu ya kupigia hesabu, si kiwango cha serikali), hiyo ni 4,250,000 kwa mwezi, 51,000,000 kwa mwaka, na bado hujanunua kiti. Lakini kizuizi kikubwa ni cha kisheria: kanuni za fedha za kaunti za 2015 zinasema mishahara isipite asilimia 35 ya mapato yote ya kaunti, na sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwa maendeleo. Mshahara hauhesabiwi kama maendeleo. Ukisimama kwa ukumbi useme "ajirini watu", jibu la wage bill, kwamba mishahara tayari ni mingi mno, linakungoja, washalizoea. Ombi lenye nguvu kidogo ni kwamba wahamishe watu ambao tayari wanalipwa, wako wengi wamejazana City Hall na kwa ofisi za kaunti ndogo, waletwe karibu na wananchi. Hapo hakuna mshahara mpya wa kubishania.

Nani anaachwa nje. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073 Nairobi, gawanya kwa wadi 85 unapata zaidi ya watu 51,000 kwa kila wadi. Afisa mmoja kwa watu wote hao. Atawaona wenye wanaweza kuja saa za kazi, na yule anaamka saa kumi na moja kutembea hadi Industrial Area kutafuta kibarua hatafika kamwe, wala mama anayechunga mtoto mlemavu kwa nyumba ya ghorofa ya tano bila lifti.

Mianya. Afisa ana jina na namba ya kazi, anaweza kuandikiwa barua, kuhamishwa, hata kushtakiwa. Hiyo ni faida kubwa kuliko watu wanavyodhani. Lakini kama kazi ameipata kwa mkono wa mwanasiasa wa hapo, orodha itafuata huo mkono, na kitu kidogo nacho hakijawahi kuisha kwa dirisha lolote la serikali.

Kosa likitokea. Hapa ndipo afisa anaweza kuwashinda wengine wote, kwa sharti moja tu, apewe mamlaka ya kubadilisha orodha ama kusimamisha malipo mpaka jambo lichunguzwe. Bila hayo ni karani wa kuandika malalamiko kwa daftari. Niliwahi kuona daftari kama hilo kwa ofisi moja, kurasa na kurasa za malalamiko yenye mwandiko mzuri, na hakuna hata moja imejibiwa.

Lini mtaona tofauti. Polepole. Bodi ya utumishi itangaze, watu waombe, wahojiwe, mwaka wa fedha unaweza kuisha hivyo. Kuhamisha walioko ni haraka kiasi.

Inawafaa wadi ambazo shida yao ni kesi ngumu: mayatima wasio na cheti cha kifo cha mzazi, wanaolea wajukuu, watu ambao hawaingii kwa fomu ya kawaida.

2. Mfumo wa kompyuta na simu

Pesa. Kujenga mfumo mara nyingi kunaweza kuwekwa kwa fungu la maendeleo, ndio maana wanasiasa na maafisa wanaupenda, haugusi ile asilimia 35. Kisha kuna ufunguzi, picha, hotuba. Yenye haionekani ni ya kila mwaka: leseni, matengenezo, ujumbe wa simu, seva, mkandarasi wa kuitwa ukikwama. Mkiomba mfumo, ombeni gharama ya miaka 3 iandikwe mahali pamoja, na iandikwe pia kwamba data ni ya kaunti, si ya mkandarasi. Mkataba ukiisha vibaya na yeye ndiye ako na nywila, mtaanza kusajili upya kutoka sufuri.

Nani anaachwa nje. Mfano mzuri wa mfumo uliokubali ni Dishi na County, ulioanza 2023. Mtoto anavaa bangili, mzazi anaweka pesa kwa simu, mtoto anagusisha kwa kifaa anapata sahani yake, analipa shilingi 5. Inafanya kazi kwa sababu swali lake ni rahisi, huyu mtoto ako kwa hii shule ama hayuko, basi. Hakuna mtu anaulizwa yeye ni maskini kiasi gani.

Sasa linganisha na SHA, bima ya afya ya serikali kuu iliyoanza Oktoba 1, 2024. Wasio na mshahara wanaulizwa maswali ya nyumba, paa, choo, kisha mfumo unakadiria utalipa ngapi, chini kabisa ikiwa 300 kwa mwezi. Watu wengi walilia kwamba waliambiwa kiasi kisicholingana na maisha yao, na ukiuliza hesabu imefanywa aje unaambiwa ni mfumo. Ukikaa kwa ploti ya mawe Pipeline chumba kimoja watu sita, kuta za mawe zinakufanya uonekane una uwezo. Kwa hivyo mfumo unaweza kuhesabu vizuri na bado usijue mtaa.

Halafu kuna wasio na simu yao wenyewe, laini imesajiliwa kwa jina la mtu mwingine, wazee ambao alama za vidole zimefutika kwa kazi ya mikono, na wasio na kitambulisho kabisa. Uliza Wanubi wa Kibra kuhusu miaka ya kuhojiwa na kamati kabla ya kupewa kitambulisho, hao mfumo ungewafungia nje kabla hata ya swali la kwanza.

Mianya. Unapunguza wizi mdogo mdogo sana. Pesa ikienda moja kwa moja kwa simu ama kwa shule hakuna wa kumega katikati, na kila kitu kinaacha alama. Lakini anayeingiza majina mwanzoni bado ni mtu, na jina la uongo likishaingia linaonekana safi kuliko la daftari.

Kosa likitokea. Udhaifu wake ni huu. "Sistimu iko chini" ni sentensi haina mwenyewe. Julai 2023 eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ilishambuliwa na huduma chungu nzima zikasimama, hakuna karani angeweza kukusaidia hata akitaka. Mfumo usio na mtu mwenye ruhusa ya kurekebisha kutoka kwa wadi ni ukuta tu.

Lini mtaona tofauti. Majaribio miezi kadhaa, kisha ama unashika vizuri ama unakufa na uchaguzi unaofuata.

Inawafaa misaada yenye sharti moja lililo wazi na walengwa wengi, na wadi zenye watu walio na simu na stima ya kutegemewa.

3. Kulipa wanamtaa wenyewe

Pesa. Watu hudhani hii ndiyo ya bure. Tupige hesabu kwa posho ya 5,000, ile CHP wanafaa kupata, nusu serikali kuu na nusu kaunti. Wahudumu 10 kwa wadi ni 50,000 kwa mwezi, yaani sawasawa na yule afisa mmoja niliyemtaja hapo juu, na kwa kaunti yote ni ile ile 51,000,000. Ukitaka 20 kwa wadi gharama inakuwa mara mbili ya ile ya maafisa. Kwa hivyo chaguo lenyewe ni mtu mmoja mwenye mamlaka ama watu kumi wenye miguu. Na posho haina ulinzi kama mshahara, pesa ikichelewa kutoka Hazina ya kitaifa posho ndiyo ya kwanza kungojeshwa, CHP wa kaunti kadhaa washaandamana kwa sababu hiyo.

Nani anaachwa nje. Hapa nitakaa kidogo. Nguvu ya mtu wa mtaa ni kwamba anajua mama fulani ameachwa na mzee wake mwezi uliopita, na hiyo haiko kwa fomu yoyote. Lakini Nairobi watu wanahama. Nyumba ikipandishwa kodi mtu anatoka Korogocho anaenda Dandora, kazi ikiisha anarudi ushago, akipata nyingine anarudi Pipeline. Zikija bomoabomoa, kama zile za Mukuru kwa Njenga mwishoni mwa 2021 ama za kando ya mito baada ya mafuriko ya 2024, mitaa mizima inasambaa usiku mmoja na orodha inabaki na majina ya watu hawako. Baada ya mafuriko hayo serikali iliahidi 10,000 kwa kila familia iliyoondolewa, na swali la kwanza kila mahali likawa nani ako na orodha ya waliokuwa wakiishi hapo. Mfumo wa simu unaweza kumfuata mtu akihama mradi laini ni ile ile. Mhudumu wa mtaa hawezi, yeye anajua waliopo, na mgeni wa wiki mbili hamjui bado. Kuna pia suala la mpangaji na mwenye nyumba. Mwenye ploti ndiye anakaa kwa kamati miaka na miaka, mpangaji ni wa kupita, na kwa mtaa wa wapangaji hao wa kupita ndio wengi.

Mianya. Upendeleo ni hatari kuu. 2020 wakati wa korona serikali ilituma 1,000 kwa wiki kwa baadhi ya familia za mitaa ya mabanda, majina yakipitia kwa watu wa mtaa, na mwaka uliofuata Human Rights Watch wakatoa ripoti iliyolalamika juu ya upendeleo na kukosa uwazi, wengi waliostahili hawakujua hata vigezo ni gani. Ndugu, kanisa, kabila, chama, kila kitu kinaingia hapo. Ila si lazima iwe hivyo. Mukuru, baada ya kutangazwa eneo maalum la mipango 2017, wakazi walipangwa kwa vikundi vya nyumba kumi kumi, vinachagua wawakilishi kwenda ngazi ya juu, na maoni ya watu wengi sana yalikusanywa hivyo. Tofauti naona ni hii: kule mwakilishi alichaguliwa na majirani kumi wanaomwona kila siku, hakuteuliwa na mkubwa.

Kosa likitokea. Mhudumu atakusikiza kwa mlango wako, hata Jumapili jioni. Lakini hana kalamu ya kubadilisha kitu. Na kama yeye ndiye alikukosea, kumlalamikia ni kugombana na jirani mnayechota maji pamoja, wengi huamua kunyamaza.

Lini mtaona tofauti. Haraka kuliko zote, ndani ya miezi michache mnaweza kuwa na orodha mpya.

Inawafaa mitaa iliyo na mpangilio wake tayari, chama cha wakazi, vikundi vya akiba, vijana wanaojulikana.

Kitu cha kuandika bila kujali mmechagua gani

Sheria ya kupata habari ya 2016 inampa ofisa wa umma siku 21 kukujibu ukiomba habari. Andikeni kwa memoranda kwamba orodha ya walionufaika, idadi ya walioomba na sababu za kukataliwa zipatikane kwa ofisi ya wadi baada ya kila awamu. Majina ya watoto msitake yabandikwe ukutani, kuna sheria ya ulinzi wa data ya 2019 na pia ni aibu kwa mtoto, takwimu za shule na mtaa zinatosha. Na malalamiko yapelekwe kwa mtu tofauti na yule aliyeandika orodha. Hii haigharimu karibu chochote, na wakikataa hii pia mtakuwa mmejua kitu.

Sasa, kulingana na hali yenu

Kama mko Mathare, Mukuru ama Korogocho na tayari kuna vikundi vya nyumba kumi vinavyofanya kazi, anzeni na wanamtaa, lakini ombeni wachaguliwe na majirani na wabadilishwe kila baada ya muda, na ombeni afisa mmoja aliyehamishwa kutoka kaunti ndogo mwenye mamlaka ya kusikiza rufaa. Hiyo afisa moja bila wahudumu haina miguu, na wahudumu bila yeye hawana pa kupeleka kesi.

Kama wadi yenu ni ya maghorofa, Kasarani, Embakasi huko, penye jirani hajui jina la jirani na chama cha wakazi ni kikundi cha WhatsApp cha kulalamika maji, msijidanganye na kamati. Huko mfumo una nafasi nzuri, ila ombeni dirisha la usaidizi Jumamosi kwa wale wamekwama.

Kama kikundi chenu ni cha wazee ama watu wenye ulemavu, afisa anayeweza kuja nyumbani ni bora kuliko programu yoyote, na ombi la kwanza liwe siku za kutembelea nyumba, ziandikwe kwa ratiba.

Kama mnaambiwa kaunti imefikisha kikomo cha mishahara, msibishane kuhusu namba ambazo hamna. Geuzeni ombi liwe la kuhamisha watu, ama mfumo kwa fungu la maendeleo, kisha muulize wazi nani atausimamia mwaka wa pili.

Kama hamjui kosa lenu liko wapi, msichague bado. Kusanyeni kwanza kesi za waliokosa msaada wadi yenu, mzigawe: waliokosa habari, waliokosa karatasi, waliotolewa kwa orodha, waliokosewa malipo. Wa kwanza wengi? Wanamtaa. Wa pili na wa tatu? Afisa. Wa nne? Mfumo. Ni kipimo cha haraka haraka tu lakini kinasaidia kuliko kubishana kwa mkutano.

Na kwa vile uchaguzi ni Agosti 2027, usajili wowote mpya utakaofanywa karibu na hapo muutilie shaka, haswa ukija na tisheti. Bora orodha iwe imefungwa na kukaguliwa mapema.

Tarehe ni hizi: waraka wa mkakati wa fedha wa kaunti unafaa kufika bunge la kaunti kufikia Februari 28, makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30, mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Kuandika Februari kunawasaidia zaidi kwa sababu viwango vya kila idara vinawekwa hapo, Aprili mnagombania mabaki. Mkichelewa zote mbili, mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata unafaa kuwasilishwa kufikia Septemba 1, pelekeni memoranda huko na mbaki na nakala iliyogongwa muhuri.